Sugu Inapobanduka: Mdomo na Koo la Aliyeacha Sigara

Mazungumzo haya niliyatoa dikoni Tumbe, Pemba, mbele ya wavuvi na jamaa zao, baada ya sala ya Alasiri. Nayaweka hapa yote kwa ajili ya waliokuwa baharini siku ile. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha; nyingine hazifai kutazamwa kabla ya kula.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, kina mama mliokaa upande ule wa kivuli, na nyinyi vijana mlioegemea mashua mkijifanya hamsikilizi: ahsanteni kwa kuja. Najua wengine mna safari ya usiku, kwa hiyo sitakuwekeni mpaka Magharibi.

Nianze kwa kukuombeni kitu kidogo. Kila mmoja atazame kiganja chake. Hapo chini ya vidole, palipo pagumu, panaitwaje? (Sugu!) Sugu. Imetoka wapi? Kamba ya nanga, kasia, nyavu, miaka nenda miaka rudi. Sasa nambieni, mtu akiugua akakaa nyumbani miezi mitatu hajagusa kamba, sugu ile inakuwaje? (Inabanduka.) Inabanduka. Na siku ya kwanza akirudi kuvuta nyavu? (Malengelenge!) Malengelenge mpaka anashindwa kukunja ngumi.

Je, mkono ule ni mgonjwa? Hapana, bwana. Mkono ule umerudi kuwa mkono.

Basi shikeni mfano huo, kwa sababu leo nakuja kuzungumzia sugu msiyoiona. Sugu ya mdomoni. Moshi wa sigara ukipita kila siku, utando laini wa ndani ya mdomo unajifanyia ngozi ngumu, kama kiganja kilivyofanya kwa kamba. Mtu akiacha, ngozi ile inaondoka, na chini yake kuna utando mwembamba, mpya, ambao mwiba mdogo wa samaki unautoboa na chumvi inautonesha. Hapo ndipo mtu anapokuja kwangu na kuniambia: "Dokta, tangu niache sigara naumwa. Nilipokuwa navuta nilikuwa mzima."

Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi sana. Na kabla sijayasikia kwa wengine, niliyasema mwenyewe.

Mimi ni tabibu wa meno. Miaka 31 nimetazama midomo ya watu wa kisiwa hiki, na katika hiyo, miaka 19 nilikuwa mvutaji. Chekeni, mnastahili kucheka. Nilikuwa natoka nyuma ya jengo, nanawa mikono, natafuna karafuu mbili, naingia na kumwambia mgonjwa, "Sigara itakumaliza." Na yeye ananusa karafuu na moshi kwa pamoja, ananyamaza kwa adabu. Watu wa Pemba wana adabu kupita kiasi.

Niliacha mwezi wa Ramadhani. Nilijiambia, kama kuanzia alfajiri mpaka magharibi naweza, kwa nini baada ya futari nirudi? Siku tatu za mwanzo sikuwa mtu wa kuzungumza naye, aulizwe mke wangu. Kichwa, hasira, usingizi wa mang'amung'amu. Hayo nilikuwa nimejiandaa nayo. Siku ya 6 naamka kula daku, natia tonge la kwanza mdomoni, nikaruka.

Nikachukua tochi na kioo cha kunyolea, nikakaa ukumbini peke yangu, nikafunua mdomo wa chini. Pale mdomo unapokutana na ufizi kulikuwa na kidonda cheupe kiasi cha punje ya mchele, kimezungukwa na wekundu. Viwili vingine chini ya ulimi. Cha nne ndani ya shavu, mahali ambapo jino hugusa kila nikitafuna. Unafikiri mimi, mwenye vitabu, niliwaza nini? Niliwaza saratani. Nikasema, miaka 19 navuta sikupata kitu, nimeacha siku 6 mdomo umeoza.

Halafu nikafanya ujinga. Nyumbani kulikuwa na chupa ya mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu. Nikachovya pamba, nikabandika juu ya kidonda. Ndugu zangu! Nilizunguka ukumbi mara tatu nimeshika shavu. Mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza nimeng'atwa na nini. Asubuhi kidonda kilichokuwa punje ya mchele kimekuwa kunde, na ukingo mweupe uliobabuka. Mafuta yale yana kazi yake: tone moja kwenye pamba, ndani ya jino lililotoboka, wakati unangoja matibabu. Kwenye kidonda kibichi yanaunguza. Msifanye kama mimi.

Baadaye ndipo nikasoma nilichopaswa kukijua zamani. Wataalamu Uingereza waliwafuatilia watu walioacha sigara, wakiwauliza hali zao wiki baada ya wiki. Wawili katika kila watano walipata vidonda vya mdomoni. Wawili katika watano! Yaani hapa mbele yangu wakikaa watano walioacha sigara, wawili watashika mashavu. Vingi vilitokea ndani ya wiki 2 za mwanzo. Kwa wengi vilikuwa vidogo tu, vya kuudhi, na kwa watu 6 katika 10 walioumwa, vilikuwa vimekwisha ndani ya wiki 4.

Sasa, sisi hapa hatuhesabu wiki. Tunahesabu bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kutoka bamvua hadi bamvua ni siku ngapi? (Kumi na nne, kumi na tano.) Ahaa. Basi wewe ukiacha sigara leo, bamvua ya kwanza ndiyo ya taabu. Ikija ya pili, wengi wenu mtakuwa mnakula urojo. Hesabu bamvua zako. Andika ukutani siku uliyoacha, kama unavyoandika deni la dukani. Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu maumivu haya yana siku zake, na mtu asiyezihesabu ndiye anayepotea. Tena anapotea kwa njia mbili.

Njia ya kwanza nakupeni kwa kisa. Kijana mmoja mzamiaji pweza, simtaji, baba yake yupo hapa na ananitazama kwa jicho. Aliacha sigara kwa sababu pumzi chini ya maji ilikuwa inapungua. Akapata vidonda, akavumilia siku 9. Siku ya 10 rafiki yake akamwambia, "Mwili wako umeshazoea, ukiunyima utakuadhibu. Vuta mbili tatu, utaona." Akavuta. Siku ya 13 vidonda vimekwisha. Akaja kwangu anang'ara: "Dokta, sigara ndiyo dawa yangu."

Nikamuuliza, kidonda cha mdomoni huchukua siku ngapi kupona chenyewe? Hajui. Nikamwambia, vile vidogo vya kawaida ni siku 7 mpaka 14. Vidonda vyako vilikuwa vinaaga, na sigara imefika mlangoni wakati wa kuaga ndiyo iliyopewa shukurani. Alikaa kimya muda mrefu, akiukwaruza mkeka kwa ukucha. Ameacha tena, mara ya pili, na safari hii aliandika tarehe ubavuni mwa ngalawa.

Mtafanya nini vidonda vikitoka? Machache tu. Nusu kijiko cha chai cha chumvi ndani ya gilasi ya maji ya vuguvugu, usukutue mara kadhaa kwa siku, uteme. Mswaki uwe laini. Anayetumia mswaki wa mti akate ncha ya zamani, atafune mpya mpaka iwe nyuzi laini. Kwa bamvua ile ya kwanza uwe mbali na ndimu, achari, embe mbichi ya pilipili, na ule ubuyu mwekundu unaowatoa watoto machozi. Kahawa ya barazani iache ipoe kidogo. Najua kahawa iliyopoa ni matusi, lakini ni siku chache.

Na wale mtakaopata chingamu ya nikotini kutoka duka la dawa: ile haitafunwi kama chingamu ya harusini. Unatafuna polepole mpaka uhisi kama pilipili kwenye ulimi, unasimama, unaiegesha kati ya shavu na ufizi, ikipoa unatafuna tena. Ukiitafuna mfululizo utameza nikotini, koo litawasha, utapata kwikwi, na utasema dawa mbaya. Na usinywe kahawa dakika 15 kabla yake wala ikiwa mdomoni, haitafanya kazi vizuri.

Tuje kwenye koo.

Hapa nataka kina mama wanisaidie. Nani hapa mume wake aliacha sigara kisha akaanza kukohoa zaidi? Nyosheni mkono, hakuna atakayejua. (Vicheko.) Naona mikono. Mama mmoja aliwahi kunijia na malalamiko: "Alipokuwa anavuta nilikuwa nalala. Sasa ameacha, kuanzia alfajiri anakohoa kama mashine ya boti isiyowaka. Mwambie arudie." Alikuwa anatania. Nadhani alikuwa anatania.

Sikilizeni. Njia zenu za hewa zina vijinywele vidogo visivyoonekana kwa jicho, maelfu kwa maelfu, vinapepea kwenda juu mchana na usiku. Kazi yao kufagia. Vumbi, vijidudu, kohozi, vinasukuma mpaka kooni, wewe unatema au unameza. Ni ufagio wa chelewa uliopewa na Mola wako bila ya kununua. Moshi wa sigara unaulaza ufagio huo. Kohozi linabaki chini linagandamana. Unapoacha, ufagio unaamka, siku hadi siku, wiki hadi wiki, unaikuta nyumba haijafagiwa miaka 19. Je, nyumba kama hiyo ikifagiwa, vumbi halipandi? Lazima lipande. Ndiyo ile kohozi ya rangi ya kahawa asubuhi, ndiyo koo kukwaruza, ndiyo ile hali ya kujikohoza kila dakika kama mtu anayetaka kuhutubia. Kunywa maji ya kutosha. Asali kijiko kimoja kwenye maji ya moto yenye tangawizi inatuliza. Kwa kawaida kikohozi kinapungua wiki kwa wiki, na kwa wengine kinachukua miezi.

Ila hapa naweka alama ya tahadhari. Kikohozi kikipita wiki 2, nenda ukapimwe kifua kikuu. Usiseme "dokta wa meno ameniambia ni ufagio." Sigara yenyewe huongeza hatari ya kifua kikuu, na kukitazama kohozi kwa macho hakutoshi. Kipimo hakikupunguzii kitu. Na kohozi lenye damu usilingojee hata siku moja.

Nitoke nje ya njia kidogo, maana tuko Pemba. Mnajua karafuu za babu zetu zilikwenda wapi? Miaka mingi mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia. Mnadhani walitia kwenye pilau? Walizisaga wakazitia ndani ya sigara. Kretek, ndilo jina lake. Na karafuu ina dawa ile ile inayotia ganzi jino, kwa hiyo moshi unateremka kooni laini, mtu hasikii unavyomkwaruza. Sisi tukapanda mikarafuu, tukavunjika miguu, tukaanika kwenye majamvi, ili koo la mtu wa Java lisisikie maumivu. Nikiifikiria hiyo huwa sijui nicheke au nifanye nini.

Lakini jambo ni lile lile. Koo linaloumwa ni koo linalosikia. Lenu lilikuwa limetiwa ganzi.

Fizi nazo nizipitie haraka. Utapiga mswaki utaona damu, na utashtuka, kwa sababu ulipokuwa unavuta hukuwa ukitoka damu. Nikotini huibana mishipa midogo, inauficha ugonjwa wa fizi. Watu waliopimwa kabla na baada ya kuacha, sehemu za fizi zilizotoka damu ziliongezeka maradufu ndani ya wiki 4 hadi 6, na hao walikuwa wanapona. Usiache mswaki kwa kuogopa damu. Njoo usafishwe ukoga, maana ugonjwa sasa umevuliwa ushungi.

Na ladha! Mzee mmoja alimgombeza mkewe siku nne mfululizo kwamba mchuzi una chumvi nyingi. Mke anaapa hajabadilisha kipimo tangu waoane. Siku ya tano akaweka kipimo cha chumvi mezani mbele yake. Kumbe ni ulimi ulioamka. Mzee akaja kuniuliza kwa siri kama kuna dawa ya kuomba radhi.

Nimesema kuna njia mbili za kupotea. Ya kwanza ni ya yule kijana: anaumwa, anarudi kwenye sigara. Ya pili ni kinyume chake, na mimi naiogopa zaidi. Ni ya mtu anayesema kila kitu ni "sumu inatoka". Mnalijua neno hilo? Kidonda, sumu inatoka. Sauti imekauka, sumu inatoka. Uvimbe, sumu inatoka. Silipendi neno hilo, na nitakuambieni kwa nini.

Palikuwa na muadhini. Sitasema msikiti gani. Sauti yake ilikuwa inavuka shamba la muhogo mpaka pwani, watu wakijua wakati bila ya saa. Alivuta tangu ujana, kisha akaacha. Miezi miwili baadaye akapwewa na sauti. Wakamwambia: sumu inatoka, vumilia. Akala asali. Akavumilia. Mwezi wa tatu, wa nne. Adhana ikawa inasikika kama mtu anayenong'ona ndani ya mtungi. Sumu inatoka. Mwezi wa saba akaanza kupaliwa na maji, na sikio la kulia likimuuma ilhali sikio lenyewe ni zima. Ndipo akaletwa.

Ilikuwa saratani ya kisanduku cha sauti. Ugonjwa huo una rehema moja: kwa watu wengi hujitangaza mapema kwa kuikwaruza sauti, na ukikamatwa hapo, mionzi peke yake mara nyingi inatosha na sauti inabaki. Yeye alikuja umechelewa. Akapelekwa Dar es Salaam, kisanduku kikatolewa. Yu hai, alhamdulillah. Anapumulia tundu la shingoni. Mjukuu wake ndiye anayeadhini sasa, na yeye hukaa safu ya mbele, midomo yake ikizifuata kalima zote, bila ya sauti.

Je, alikosea kuacha sigara? Hapana! Kuacha hakukumletea, kulichelewa. Baada ya kuacha, hatari ya saratani ya mdomo na koo hushuka, lakini hushuka kwa miaka, haishuki kwa bamvua. Kwa hiyo aliyevuta muda mrefu lazima ajitazame.

Kwa hiyo hesabu. Kidonda kisichopona ndani ya wiki 3, bamvua moja na nusu, njoo. Sauti iliyokwaruza wiki 3, njoo. Doa jeupe lisilofutika au jekundu kama mahameli, ulimini au shavuni, njoo, hata kama haliumi. Khasa kama haliumi. Uvimbe shingoni, chakula kukwama, jino kulegea bila ya sababu, sikio kuuma upande mmoja tu: njoo. Hayo si ya sugu.

Nina moja jengine, na hili litawaudhi baadhi yenu. Nawaona wanaotafuna. Mtu anaacha sigara, mdomo umebaki mpweke, anautafutia mwenza. Mmoja anakamata kuberi, anaitia nyuma ya mdomo. Mwengine shisha mjini, kwa sababu inanukia matunda. Mwengine tambuu, lile jani la kutafuna lililofungiwa popoo, na hapa kina mama msiangalie pembeni. Kuberi ni tumbaku. Shisha ni tumbaku. Na tambuu, hata ukiitoa tumbaku ukabakisha popoo, katu na chokaa? Mwaka 2004 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza kwamba popoo yenyewe inasababisha saratani. Popoo yenyewe, bila ya tumbaku. Bibi yangu alitafuna mpaka akafa na miaka mingi, nami nilimpenda, na sanduku lake la uraibu ninalo mpaka leo. Ninalo kama kumbukumbu. Halina popoo.

Mdomo ukiwa mpweke uupe maji, kijiti cha mswaki, punje moja ya karafuu, hiliki. Pipi usizidishe, utaacha sigara ubaki bila ya meno, na mimi nimestaafu, sitaki kazi.

Nimeleta tochi, kioo na vijiti vya ulimi vya kutosha. Meza iko pale chini ya mkungu. Aliyeacha sigara, anayevuta, anayetaka kuacha, kila mtu dakika tano, bure. Wenye sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki 3 watangulie, tafadhali msioneane haya.

Nani wa kwanza? Wewe mzee wangu? Karibu, kaa hapa, elekea kwenye mwanga. Fungua mdomo.

Ngoja. Toa na hiyo tambuu kwanza.